Ng'ombe wa Kumi na Tatu

Kwa maneno ya Mama Mogesi, mambo yote yalitokea Jumatano saa tisa alasiri, pale joshoni. Anasema aliyaona kwa macho yake mawili, macho ambayo hayajawahi kuvaa miwani na hayatavaa.

Alikuwa amepeleka mbuzi wake kuogeshwa dawa ya kupe, jua likamchosha, akaketi kivulini mwa tangi la maji. Mara akamwona yule kijana Msukuma anayetengeneza simu stendi ya Mugumu, Luhaga, amekaa juu ya ukuta wa josho, daftari gotini. Ng'ombe wa Mzee Waitara ndio waliokuwa wanapita majini. Kila ng'ombe akipita, kijana anainua kichwa, anamtazama, anainama, anachora.

"Anachora nini?" Mokami aliuliza. Alikuwa amesimama kwenye njia ya nyuma ya nyumba, ndoo ya maziwa mgando mkononi, kilemba chekundu kichwani, tayari kwenda mjini.

"Masikio, mwanangu."

Mokami akaitua ndoo chini.

Mtu wa mbali angecheka. Lakini hapa sikio la ng'ombe ndilo kitambulisho chake. Mzee Waitara, baba yake Mokami, alikata vipengo vitatu vidogo kwenye ukingo wa chini wa sikio la kushoto, na kwenye la kulia akaondoa ncha, kama alivyokata baba yake na babu yake. Mwizi akilijua sikio vizuri, anajua wapi pa kuongeza kisu ili alama ya mtu igeuke alama ya mtu mwingine.

"Na hakuwa peke yake," Mama Mogesi akasogea, sauti ikashuka. "Alikuwa na mtu. Koti refu, kofia imeshuka mpaka puani. Wa koti anaonesha kwa kidole, ananong'ona. Msukuma anaandika. Mimi nikakohoa, khm! Wa koti akainuka, akapita nyuma ya tangi, akapotea. Sasa nikuulize, mtu mwenye nia njema anapita nyuma ya tangi?"

"Labda alikwenda kujisaidia, mama."

"Akajisaidie mpaka leo? Hajarudi!"

"Umemwambia nani mwingine?"

"Mimi? Sina mdomo huo. Nimemwambia mwenyekiti wa wazee tu. Na mke wake, maana alikuwepo. Na wale wa kwaya, kwa sababu waliniuliza mbona nina huzuni."

Mokami alielewa. Kesho Jumapili, baada ya ibada, wazee wangekaa ritongo, kile kikao kinachosikiliza habari za wizi wa mifugo. Luhaga angeitwa mbele. Mgeni asiye na ukoo hapa, akishindwa kujieleza, anaambiwa aondoke kabla jua halijazama, na hakuna mtu anayemsindikiza hata mpaka barabarani.

"Nikuulize kitu kimoja, ambacho mama yako Elieth angekuuliza kama angekuwepo," Mama Mogesi akamshika kiwiko. "Huyo kijana akija kunywa maziwa yako, anauliza habari zako, au habari za ng'ombe?"

Mokami aliinua ndoo yake, akaitwika.

"Shikamoo mama. Nachelewa."

"Umeshaniamkia asubuhi," Mama Mogesi alisema nyuma yake. "Jibu swali!"

Swali lile lilitembea naye njia nzima mpaka Mugumu.

Mokami alimaliza darasa la saba mwaka ambao mama yake alianza kuugua. Mama alipofariki, miaka mitatu iliyopita, kazi ya maziwa ikawa yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alijifunza kutazama, kwa sababu ng'ombe hasemi panapomuuma. Anakuonesha kwa namna anavyoweka mguu.

Sasa alijitazama mwenyewe, akaona aibu. Tangu Luhaga aanze kuja kunywa maziwa kibandani kwa kaka yake Mokami, kijana huyo hajawahi kumuuliza anapenda nini, analala saa ngapi, ana ndoto gani. Alikuwa anapokea kikombe, anakunywa kidogo, anafuta mdomo, anamtazama kwa yale macho yake mapole yenye usingizi, halafu anauliza:

"Leo ya nani?"

Na yeye, mjinga, alianza kumtengea kichupa peke yake, maziwa ya ng'ombe mmoja bila kuchanganya, ili apate cha kumjibu. Leo ya Sista, yule mweusi mwenye weupe kichwani kama mtawa. Leo ya Jumatano, mkorofi, anapiga teke. Leo ya Konda, anayesimama kwenye lango la zizi mpaka wenzake wote waingie, ndipo na yeye anaingia. Alimweleza rangi, alimweleza pembe, alimweleza nani anamwogopa nani. Alidhani ndiyo mapenzi yanavyoanza, mtu kukaa akisikiliza.

Ng'ombe kumi na wawili. Wote alikuwa amewatoa kwa mdomo wake.

*

Kibanda cha gemu cha Godwin, kaka yake, kiko nyuma ya soko. Televisheni mbili, viti vya plastiki, pazia jeusi la kuzuia jua. Siku za kawaida ni kelele za magoli tu. Leo Mokami alisikia mabishano kabla hajafika.

"Kumi bora!" Sauti ya Chrispin ilikuwa juu. Chrispin ni fundi cherehani wa kibanda cha pili, mita yake ya kupimia haitoki shingoni. "Shindano lina watu wa Mwanza, Arusha, mpaka Dar, na gemu aliyoitengeneza Luhaga imeingia kumi bora, Jumatatu anaipeleka Mwanza. Na wewe, mura, mwanamume mzima, unakataa hata kuiangalia?"

"Nimeiona picha," Godwin alijibu, pedi mkononi, bila kugeuka. "Ng'ombe wa matofali. Vipande vipande. Ukimwambia mtoto apange maboksi ya kiberiti, anakupangia ng'ombe mzuri zaidi."

Watu wakacheka. Luhaga alikuwa amekaa pembeni, simu gotini, anatabasamu kama mtu anayechekwa na watu aliowazoea. Alipomwona Mokami mlangoni, tabasamu lilibadilika, likawa la watu wawili. Siku zote moyo wa Mokami ulikuwa unaruka hapo. Leo uliruka, ukatua mahali pabaya.

Hakumtazama. Akaanza kumimina maziwa kwenye vikombe.

"Nielezeni taratibu," Godwin akasimamisha mchezo, akageuka. "Angalia mpira huu. Mchezaji akikimbia unaona jasho. Nyasi zinalala upepo ukipita. Mashabiki wanaimba. Watu mia kadhaa wamekesha miaka ili mimi nikae hapa Mugumu nione jasho la mtu. Halafu anatokea mmoja na kompyuta yenye kioo kilichopasuka, mnasema kazi yake ndiyo ya kusifiwa?"

"Hilo jasho lina harufu?" Chrispin akauliza.

"Toka hapa."

"Si nauliza tu. Kila mwaka mpira wako ni ule ule, wanabadilisha jezi, na wewe unashangaa upya. Hii gemu ya Luhaga, Zizi, inacheza kwenye simu ya mama yangu. Haiombi bando, haijazi simu. Na ukimaliza, bado unaifikiria."

"Unaisifia kwa sababu ni ndogo au kwa sababu ni nzuri? Hapo ndipo ninapowakamata," Godwin akapiga goti lake. "Mtoto akichora nyumba ukutani tunapiga makofi, kwa sababu ni mtoto. Luhaga ana ndevu! Kitu kikiwa kibovu ni kibovu, hata kama aliyekitengeneza alilala njaa."

Neno lilikuwa na uzito. Luhaga akainua kichwa.

"Godwin amesema kweli," alisema. Sauti yake ni ya chini siku zote, unalazimika kusogea. "Mtu asinisifie kwa sababu sina kitu. Na asinisifie kwa sababu nilikuwa peke yangu. Upweke si ufundi."

"Ulikuwa peke yako?"

Ni Mokami aliyeuliza. Watu waligeuka, kwa sababu yule binti huwa anamimina maziwa na kuondoka.

"Kwenye hiyo gemu," aliendelea, akimkazia macho. "Hakuna mtu aliyekaa na wewe? Akakuonesha?"

Aliuona mkono wa Luhaga ukisimama. Ulikuwa unapangusa kioo cha simu kwa pindo la shati, ukasimama, kisha ukaendelea. Mtu mwingine asingeona.

"Kuna maswali niliuliza watu," alisema.

"Watu."

"Watu, ndiyo."

"Haya, haya," Chrispin akaingilia, hakusikia kilichopita. "Godwin, mwisho wa ubishi. Cheza mara moja. Ukisema mbovu baada ya kucheza, nakushonea suruali bure."

Godwin akapokea simu kwa vidole viwili, kama anashika panya.

Mokami alisogea nyuma ya bega la kaka yake. Uwanda wa rangi ya majani makavu. Wingu jeusi linakuja kutoka upande mmoja, jua linashuka upande wa pili. Ng'ombe wametawanyika, wengine ni wa watu wengine, wamechanganyika mtoni. Kazi ni moja: unamgusa ng'ombe, unachagua jina lake kwenye orodha, ukipatia anakufuata, ukikosea anakutazama tu na kuendelea kula. Ukichukua wa jirani, jirani anakuja na fimbo. Huna bunduki, huna magari. Nyimbo hakuna, ila kengele moja tu ya shingoni.

"Ndiyo hii?" Godwin akacheka. Akamgusa ng'ombe, akakosea. Akamgusa mwingine, akakosea. "Hawa wote si wale wale tu?" Jirani akamjia na fimbo, kibanda kizima kikapiga kelele. Godwin akasogeza simu karibu na uso. Akaacha kucheka. Kisha, kabla kidole hakijafika kwenye orodha, midomo yake ikatamka yenyewe:

"Sista."

Akaligusa jina, na ng'ombe mweusi mwenye kichwa cheupe akainua shingo, akaanza kumfuata.

"Konda, yule pale kwenye lango. Jumatano, huyo anayerusha mguu..." Akawapata saba, haraka, kama mtu anayeita ndugu zake msibani. Jua likazama kabla hajamaliza. Gemu haikuandika kwamba ameshindwa. Ilionesha tu lango la zizi likiwa wazi, na msichana wa vipande vichache, mwenye kilemba chekundu, amesimama pale anangoja waliobaki.

"Umeona!" Chrispin aliruka. "Miaka yote umecheza mpira, kuna mchezaji hata mmoja uliyemwita ukiwa na sauti hiyo? Dakika tano tu! Watu mia kadhaa walikupa jasho, huyu mmoja amekupa nyumbani kwenu. Suruali yangu imepona!"

Lakini Godwin hakuwa anasikiliza. Aliinuka polepole.

"Hawa ni ng'ombe wa baba yangu."

"Godwin..." Luhaga alianza.

"Mpaka masikio. Umeweka mpaka masikio." Alitazama simu, akamtazama Luhaga, na Mokami akaona kaka yake anaunganisha hadithi ya Mama Mogesi, ambayo alikuwa ameisikia akaipuuza, na kile alichoshika mkononi. "Kwa hiyo ni kweli. Jumatatu unaipeleka Mwanza, kila mwenye simu awe na zizi letu mfukoni. Rangi, majina, mlango unafungwa saa ngapi. Mbona hukuweka na ramani?"

"Nisikilize, kaka."

"Kaka yako ni nani? Baba alisema Msukuma wa mashimo asikanyage kwetu, mimi nikakutetea! Mimi!" Akamtupia simu kifuani. "Toka. Kesho utawaeleza wazee."

Halafu aligeuka kwa Mokami, na macho yake yalikuwa mabaya zaidi kwa sababu hayakuwa na hasira, yalikuwa na swali.

"Majina aliyatoa wapi?"

Mokami alifunga kifuniko cha ndoo. Kilikataa kukaa, akakifunga tena.

*

Alimkuta nyuma ya kibanda cha Chrispin, kwenye benchi lililojaa vipande vya vitambaa. Luhaga aliinuka alipomwona. Yeye hakukaa.

"Ulinipenda mimi, au ulipenda ng'ombe?"

"Mokami."

"Usiniite jina. Jibu. Nilikuletea vichupa. Nilikuwa naamka kabla ya kila mtu, ninamkamua mmoja peke yake, naficha chupa kwenye kanga ili Godwin asiulize. Nilidhani mtu anayeuliza 'leo ya nani' anataka kunisikia nikiongea. Kumbe unahesabu."

"Nilitaka kukusikia ukiongea."

"Mbona hukuniuliza habari zangu?"

Kijana alichukua kitambaa kimoja cha bluu, akakikunja. Luhaga alikuja mkoa huu akifuata dhahabu, akashuka mashimoni miaka miwili, akapanda akiwa na kikohozi na bila dhahabu. Alikulia Kahama mjini, kwa mama mpika chakula. Hakuwahi kuwa na ng'ombe hata mmoja.

"Kwa sababu ukiulizwa habari zako, unasema 'nzuri tu'," alisema mwishowe. "Nilikuuliza mara tatu za kwanza. Ukasema 'nzuri tu', ukaangalia ndoo. Mara ya nne nikauliza habari za maziwa, ukaongea mpaka yakapoa. Hapo nikajua mlango uko wapi."

Maneno matamu. Mokami aliyasikia yakishuka ndani yake, na papo hapo akayakataa. Tapeli naye ana maneno matamu, tena ndiye mwenye mengi.

"Nipe simu," alisema.

"Unataka kucheza?"

"Nataka kuona."

Alikaa ncha ya benchi, akaacha nafasi ya mtu mzima kati yao. Vidole vyake vilikuwa vigumu mwanzoni. Kisha uwanda ukafunguka, wingu likaanza kutembea, na hakuhitaji vidole. Sista. Jumatano. Kiraka. Bibi Harusi. Aliwajua kwa mgongo, kwa namna ya kuinamisha kichwa. Wa jirani aliwapita bila kuwagusa. Aliposhika wa kumi na mbili, Konda, jua lilikuwa bado halijazama.

"Hakuna aliyewahi kufika hapo," Luhaga alinong'ona. "Mpaka sasa, hata mmoja."

Mokami hakumsikia. Alikuwa anamtazama msichana wa langoni. Mwanzo alimwona kama pambo. Sasa, karibu, aliona kwamba amesimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili umeegemea goti, kama korongo. Yeye husimama hivyo. Hakuna anayejua, kwa sababu husimama hivyo akiwa peke yake langoni, jioni, akingoja.

"Huyu nani?"

"Ng'ombe niliambiwa," Luhaga alisema. "Huyo hakuna aliyeniambia. Nilikuona siku nilipoleta simu ya Godwin kule kwenu. Sikuthubutu kusalimia."

Damu ilimpanda Mokami masikioni. Angeweza kuishia hapo. Angeweza kuegemea ile nafasi aliyoiacha kwenye benchi. Lakini kwenye kioo kitu kilikuwa kinasogea. Mbali, kilimani, ndani ya mvua, ng'ombe mwingine alitokea. Mwekundu. Pembe moja imeinamia chini, inakaribia jicho.

Mokami akaisogeza simu karibu na macho.

Ng'ombe huyu Mokami hakumtaja. Hakumtaja kwa Luhaga wala kwa mtu yeyote. Alikuwa wa mama yake, alizaliwa tarehe ishirini na tano Desemba, na mama ndiye aliyempa jina. Mama alipozikwa, baba alimswaga ng'ombe yule mwenyewe mpaka Itiryo, kwa mjomba wake, akamwacha huko. Mtu hasemi ana ng'ombe wangapi, na hasa hasemi wale aliowaweka kwa watu wengine. Luhaga alifika Mugumu wakati ng'ombe huyo ameshaondoka zamani.

"Nani alikuambia huyu?"

Luhaga alikitua kile kitambaa cha bluu.

"Luhaga. Wale kumi na wawili nilikupa mimi, makosa ni yangu. Huyu nani alikupa?"

"Niliapa nisiseme."

"Ulimwapia mtu wa koti?"

Alishtuka, na safari hii hakuweza kuficha. Mokami aliinuka. Kwa hiyo alikuwepo. Mama Mogesi, na uongo wake wote, alikuwa ameona mtu wa kweli. Kuna mtu anayelijua zizi lao mpaka sehemu zake zilizofichwa, na mtu huyo alikaa juu ya ukuta wa josho akinong'ona.

"Mwite kwanza," Luhaga alisema kwa unyonge. "Umalize. Halafu uniache ukitaka."

Orodha ya majina ilikuwa imekwisha. Palikuwa na nafasi tupu ya kuandika. Mokami aliandika, herufi moja moja, kwa hasira: KRISMASI.

Ng'ombe mwekundu akainua kichwa. Akashuka kilima chote, taratibu, kengele ikilia, akapita mtoni, akafika langoni. Msichana akashusha mguu wake chini. Na kando yake, kwenye kigoda ambacho muda wote kilikuwa kitupu, akatokea mzee ameketi. Koti refu la kahawia. Upande mmoja wa koti umeshuka kuliko mwingine, kwa sababu mfukoni mna redio.

Mokami alikaa tena. Alikaa juu ya vitambaa, karibu, bila kupima nafasi.

Jumatano baba yake aliaga kwamba anakwenda hospitali, goti. Jumatano iliyotangulia pia. Na iliyotangulia hiyo.

"Alileta redio," Luhaga alisema. Haikuwa tena siri, ilikuwa imeketi pale kwenye kioo. "Alipokuwa anangoja, akaona ng'ombe kwenye kompyuta yangu. Nilidhani atanipiga. Akasema, 'Huyu sikio lake umekosea, kijana. Na hawa wawili uliowaweka pamoja hawapatani.' Akavuta kiti. Wiki iliyofuata akarudi, redio ikiwa nzima. Akaniambia twende joshoni, nione kwa macho."

"Baba yangu? Yule anayesema usikanyage?"

"Huyo huyo. Kibandani kwangu anakanyaga yeye."

Kicheko kilimtoka Mokami kikiwa kimechanganyika na kitu kingine. Akakifuta kwa kilemba.

"Na masikio? Umeyaweka watu wote wayaone."

"Angalia vizuri."

Aliangalia. Vipengo vitatu vilikuwa kwenye sikio la kulia. Ncha iliyokatwa ilikuwa ya kushoto. Ng'ombe wote kumi na watatu, kinyume. Yeye anayeona kila kitu, hilo hakuliona, kwa sababu alikuwa ameshaamini baya.

"Yeye ndiye aliyeniambia nigeuze. Alisema mwizi akifuata gemu, akate upande usiofaa, tumcheke."

"Mbona alikuapisha?"

Luhaga alimwonesha yule ng'ombe mwekundu kwa kidole.

"Alipofika kwa huyu mwekundu aliongea muda mrefu. Habari za mama yako. Alivyomkamua akiimba, alivyokataa auzwe hata mwaka wa njaa. Alipomaliza akasema, 'Binti yangu asijue. Miaka mitatu sijaweza kumtamka mama yake mbele yake. Akisikia nilianza kwa mgeni, ataumia.'"

Upande wa pili wa ukuta cherehani ya Chrispin ilianza kunguruma. Mokami alitazama mikono yake.

"Kesho wataniita," Luhaga alisema. "Wataniuliza mtu wa koti ni nani."

"Utasema."

"Sitasema. Niliapa."

"Watakufukuza, wewe!"

"Nikimtaja, atakuwa mzee aliyetoa alama za zizi lake kwa mgeni, mbele ya wazee wenzake. Halafu nije kwake kukuomba wewe? Kwa uso upi?" Akamwekea simu kwenye kiganja, akakifunga kwa mikono yake miwili. Haikuwa mara ya kwanza mikono yao kugusana, kikombe kilishawahi kuwagusanisha. Ila ilikuwa mara ya kwanza bila kikombe. "Nenda nayo. Mimi hadithi hii naijua."

*

Mzee Waitara alikuwa langoni mwa zizi, kwenye kigoda, koti mwilini ingawa joto halijapungua. Redio ilikuwa inazungumza peke yake mfukoni. Ng'ombe walikuwa wanaingia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umechelewa. Godwin amepita hapa anafoka kama nyuki, sijaelewa hata neno."

"Ulielewa, baba."

Mzee aligeuka kumtazama. Si kawaida ya Mokami kumjibu hivyo. Mokami hakuongeza. Alichuchumaa kando yake, akawasha simu, akaiweka kwenye magoti ya baba yake, juu ya koti. Alikuwa ameurudia mchezo, akauacha pale ambapo wote kumi na wawili wameshaingia, na kilimani, ndani ya mvua, ng'ombe mwekundu amesimama.

Baba yake alikitazama kioo. Mkono wake ukaenda mfukoni, ukazima redio.

Sista akaingia, akifuatwa na Jumatano aliyempiga kikumbo Kiraka. Konda alisimama pembeni mwa lango, anangoja wenzake kama kawaida yake.

"Sijaumia," Mokami alisema. "Ulisema nitaumia. Sijaumia, tata, baba yangu."

Mzee alivuta pumzi, akaishikilia.

"Kesho watamwita. Hatakutaja. Nimembembeleza akutaje, amekataa, amesema uso wako ni mkubwa kuliko safari yake. Jua likizama atakuwa barabarani na begi lake, na Mama Mogesi atakuwa anapiga vigelegele." Maisha yake yote Mokami alikuwa amengoja watu waseme wenyewe. Leo hakuwa na siku za kungojea. "Naomba usimame, baba. Mbele ya wazee. Useme mtu wa koti ni wewe. Sijawahi kukuomba kitu. Naomba hicho."

Baba yake hakumtazama. Alishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho yake, kisha karibu, mpaka akapata umbali unaomfaa. Kidole gumba chake kinene kikatafuta kwenye herufi, kikapotea, kikatafuta tena. Kikaikuta K. Kikatulia juu yake, bila kubonyeza.

Ng'ombe wote walikuwa wameshaingia. Konda akatazama nyuma mara moja, uwanda ulikuwa mtupu, akainamisha kichwa akapita. Mokami aliinuka kwenda kufunga lango. Alishika mti wa kwanza, akangoja, wayo umeegemea goti, mgongo wake kwa baba yake ili asione anavyosikiliza.

Nyuma yake kengele ya Krismasi ilikuwa bado haijalia.

Akauacha mti pale ulipokuwa. Lango likabaki wazi, likimngoja wa kumi na tatu.